Niliwablock akina Marwa wote, nikaitupa barua ya kaburi la bibi

Wakuu, salamu kutoka Nkende, Tarime. Naandika nikiwa bado na hasira, na nitakachosema ni kweli, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Nianze na hizo za aibu.

Kwa miaka nimekataa katakata kwamba niliwahi kujibu email za matapeli wa dhahabu. Nilimwambia kaka yangu Mwita, niliwaambia wateja wangu: zilikuja zenyewe, kuna watu waliuza anwani yangu.

Uongo. Nilijibu.

Miaka ile rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, ilikuwa imepamba moto huku kwetu. Mtu akichimba choo, majirani wanakuja kuangalia udongo. Mimi nina stationery ndogo pale Bomani, natoa kopi na kuchapia watu barua. Siku moja nikapata email ya mtu anayejiita Mzee Marwa, ana "vumbi la dhahabu" analolitafutia mbia mwaminifu.

Barua ilikuwa imeandikwa vibaya mno, na mimi nimesoma chuo kikuu, kuna vitu siwezi kuvumilia. Nikamsahihishia aya kwa aya, nikamrudishia. Mwishoni, kama mtu anayepita tu, nikamuuliza kilo moja anauzaje.

Swali hakulijibu. Ila barua zake zilizofuata zilikuwa zimenyooka vizuri sana.

Ukijibu spam unawathibitishia kwamba anwani iko hai na mwenyewe anasoma. Wakanigawana. Wazee wenye dhahabu, wajane wa majenerali, mashine za kusaga mawe, dawa ya kuvuta madini ardhini. Email ya mteja wangu inasukumwa chini huko mpaka naisahau.

Sasa sikieni kwa nini jambo hili si la kucheka.

Nyumbani kwetu ni Gorong'a. Kampuni moja ya utafiti wa madini ilitaka eneo linalogusa shamba letu. Wathamini wakaitisha mkutano kijijini, wakasema kila familia iache mawasiliano, itajulishwa siku ya kuja kuonyesha makaburi yake. Kaburi likionyeshwa, ndugu watalihamisha wenyewe kwa heshima. Lisipoonyeshwa, linahesabiwa pori na greda linapita.

Familia ikaandika email yangu. Msomi ni nani mwingine?

Kaburi lenyewe ni la bibi, mama yake baba. Halina saruji wala msalaba. Ni mawe, na mnyaa umepandwa upande wa kichwani. Anayelijua kwa hakika ni mama, na mama wakati huo alikuwa kwangu Nkende anatibiwa macho, akisubiri tarehe ije nimpeleke.

Kila asubuhi nikishamwamkia alikuwa na swali moja.

"Barua imekuja?"

Namjibu bado, mama, hawa watu wa ofisini ni wazembe.

Ni katika siku hizohizo nilipochoka na spam. Nikakaa kwenye kompyuta kama jaji. Nikatengeneza filter: email yoyote yenye neno dhahabu, futa. Yenye neno madini, futa. Na kwa kuwa yule mzee kila nikimblock alikuja na anwani mpya lakini jina lilelile, nikaongeza: mtumaji yeyote mwenye jina Marwa, futa moja kwa moja, isipite hata kwenye folder la spam.

Wakuu wa Mara naona mmeshashika vichwa.

Kwa wasiotufahamu: Wakurya tunawapa watoto majina ya waliotangulia, kwa hiyo yanazunguka yaleyale. Simama sokoni Tarime uite Marwa, watakaogeuka wanatosha timu mbili na refa. Na mimi si mgeni hapa. Marehemu baba yangu ni Marwa. Nimemblacklist baba yangu mzazi huku digrii aliyonisomeshea imening'inia ukutani.

Inbox ikawa safi. Nikaanza hata kuwafundisha wateja, bila kuulizwa.

Kisha Mwita akapiga simu kutoka Sirari, anakofanyia biashara. Hakuwa na salamu ndefu.

"Msomi wetu, wathamini wamepita Gorong'a na kuondoka. Kwetu hapakuwa na mtu."

Rashi ilileta mchezo tunaouita tegesha. Mtu akisikia kampuni inakuja, anapanda miti na kusimamisha kibanda harakaharaka ili alipwe fidia. Wengine wakafika mahali pa kutegesha makaburi, wanarundika mawe pasipozikwa mtu. Kwa hiyo wathamini walipoyakuta mawe yetu ndani ya majani, na hakuna wa kuyasemea, wakaandika tegesha.

Bibi yangu. Tegesha.

Nikaenda ofisini kwao nikiwa na hotuba niliyoipanga njia nzima. Nikamkuta karani, kijana mpole, akanipa shikamoo, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akageuza kompyuta yake upande wangu. Alikuwa ameniandikia, akanikumbusha, akanikumbusha tena. Anwani sahihi. Kichwa cha barua: Tathmini ya eneo la utafiti wa madini. Mtumaji: Marwa Chacha.

"Nilidhani mmepuuza, mama," akasema.

Nikarudi nyumbani, nikafungua trash. Ile ya mwisho ilikuwa bado imo. Nikamweleza mama kila kitu, isipokuwa lile la kumuuliza tapeli bei ya kilo. Akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Ilikuwa humo ndani siku zote nikikuuliza?"

Nikaifuta ile filter.

Tukakata rufaa, tukapelekwa Gorong'a na mkuu wa wathamini mwenyewe. Huyo alitutazama kama mimi ninavyotazama email za wajane wa majenerali. Akasema siku hizi kila rundo la mawe lina mama mzee pembeni yake.

Niliwaka. Nilitaka kumuuliza ni kijiji gani alichoona kina mtandao wa kusomea email kuhusu makaburi yake. Mama akanishika mkono. Akainama, macho yale hayaoni vizuri, akapapasa mpaka akapata jiwe alilolitaka.

"Mura, kijana wangu, hili mimi ndiye nililibeba, nikiwa na mimba ya huyu anayepiga kelele. Livute."

Mkuu akavuta. Halikutoka. Mzizi wa mnyaa ulikuwa umelizunguka na kulibana. Akajifuta mikono, akasema atatujulisha.

Njia nzima ya kurudi niliwaza jinsi nilivyo sawa na yule bwana. Ametapeliwa mpaka akaweka filter yake, na ya kweli ikaenda na za uongo. Hasira yangu kubwa nimewawekea watu wa tegesha na wenye vumbi la dhahabu. Hawatuibii fedha tu. Wanatufanya tusimwamini hata anayesema kweli.

Nilichojifunza nawapa bure. Spam usiijibu, hata kwa kuisahihisha. Block anwani kamili, usiblock jina, hasa kama jina hilo ni la ukoo wako. Filter isifute, ipeleke kwenye folder la pembeni ambalo utalipitia mara kwa mara. Na kama kuna barua unayoisubiri kwa roho juu, muulize mtumaji anwani yake mapema, uiweke kwenye orodha ya wanaopita bila kukaguliwa. Mimi sikuuliza. Niliona ni kazi yao kunitafuta.

Wenye mbinu bora zaidi mziweke hapo chini, na wenye matusi pia, nimeshazoea kwa Mwita.

Imebaki simu.

Tulikuwa tunamenya viazi, namba ngeni ikaita. Nilitaka kuikata. Mama akasema pokea. Nikaweka spika.

"Mama, ni Marwa wa ofisi ya tathmini. Safari hii nimeona bora nipige."

Akasema mkuu amekubali. Kaburi limetambuliwa, greda haligusi hapo mpaka familia ilihamishe. Kilichobaki ni jina la kuandika.

"Andika Bhoke," mama akasema. "Na wewe ni Marwa wa wapi?"

Kijana akamweleza, ukoo kwa ukoo, mpaka mama akaridhika.

"Haya, mura. Siku nyingine ukiwa na neno, njoo mpaka nyumbani uniambie mimi. Huyu binti yangu anatupa barua za watu."