Simama Wima, Pumua

Mtaani walimwita Fundi Besi, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Alikuwa mshonaji mwanamke mwenye sauti ya dume. Siku alipoletwa nyumbani kama mchumba, mama mkwe wake alisikia salamu ikitoka uani, akadhani ni mchukuzi wa magunia, akamwambia atue mzigo pale pale mlangoni. Miaka ishirini na miwili ikapita, mume akapata kazi ya mbali, wanawake hao wawili wakabaki chini ya paa moja, na bado bibi yule hakuchoka. Besi akiimba jikoni, ataulizwa nani anaburuta kabati.

Kwa hiyo alipopata kibarua cha kutumia sauti hiyo hiyo, alifyata mdomo. Mteja wake mmoja, mwenye studio, alikuwa akiingiza Kiswahili kwenye katuni ya nchi za mbali. Kila Jumanne Besi aliaga kwamba anapeleka nguo za watu, kumbe anakwenda kujifungia kwenye stoo iliyotundikwa magodoro ukutani, feni imezimwa isije ikasikika, kulisemea jitu la moshi liitwalo Mla Pumzi. Waliopambana nalo walikuwa mashujaa wa ajabu ajabu: mpiga panga anayezirai akiona damu, na mchawi aliyesahau uchawi wote isipokuwa ule wa kuchemsha maji. Wa kwanza alisemewa na kinyozi mwenye kithembe, wa pili na muuguzi mstaafu asiyejua kunong'ona. Kwingine kote walichekwa. Mle stoo walikuwa ndio wenyewe.

Siku ya kwanza Mla Pumzi alitakiwa aseme, "Nipe roho yako." Maneno yakaisha, mdomo wa moshi kwenye kioo ukawa bado unachezacheza. Wakarudia, wapi. Mara ya sita, jasho likimtiririka na akili imeshachoka, ulimi wa Besi ukajiendea wenyewe kwenye maneno anayowaambia wateja kutwa nzima, maana kila anayepimwa huvuta tumbo ndani, kisha gauni likimbana lawama ni za fundi.

"Simama wima. Pumua."

Mdomo na maneno vikaenda sambamba. Mwenye studio akasema hapo hapo, mtu asiguse kitu. Tangu siku hiyo Mla Pumzi hakumnyonya mtu kabla ya kumwambia hivyo, na kwa kuwa mitambo ilimwongezea mwangwi, hakuna aliyeijua sauti. Ila barazani kwake Besi aliacha kabisa kuyatamka maneno yale. Akawa anawapima watu kwa ishara.

Sasa mtazamaji mkubwa kuliko wote alikuwa nani, kama si mama mkwe? Saa kumi jioni, kikombe cha chai mkononi, hasemeshwi. Mashujaa aliwaombea dua, na Mla Pumzi akitokea alimrushia kandambili pale pale kwenye televisheni. Besi alikuwa chumba cha pili akishona mapindo, kichwa kakiinamisha. Aliogopa, tuseme kweli. Bibi akijua kwamba zimwi analolilaani kila siku ndilo linalompikia uji, atafunga mizigo ahamie kwa mwanawe mwingine, kama alivyokwisha kutishia mara mbili. Na Besi, pamoja na vijembe vyote vile, hakuwa na mama mwingine. Aliyemzaa alifariki yeye akiwa hajaota meno.

Jumapili moja bibi akataka gauni jipya. Akasimama sebuleni, tumbo kalivuta ndani kama msichana. Besi, tepu shingoni na macho kwenye kiuno cha mkwewe, hakufikiri.

"Simama wima, mama. Pumua."

Bibi akaganda. Akamtazama kuanzia juu hadi chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kesho yake kutwa hakutoa neno, hata kijembe kimoja, na hilo ndilo lililomkosesha Besi raha.

Jumanne asubuhi akamkuta mlangoni, mkoba kwapani.

"Unahama, mama?"

"Nakwenda huko unakopeleka nguo," bibi alisema. "Tangulia."

Njia nzima Besi alijiandaa kuumbuliwa. Siku hiyo kilikuwa kipindi cha mwisho, ndipo Mla Pumzi anapouawa. Bibi akapewa kiti, akawakagua mashujaa mmoja mmoja, akauliza kama ni lazima auawe. Mwenye studio akaeleza kwamba picha zilikwisha kuchorwa huko zilikotoka. Bibi akamgeukia kinyozi.

"Basi asiteseke sana," alisema. "Huyu ni wetu."

Kazi ikaanza. Mchawi akachemsha ziwa zima, mvuke ukamtawanya Mla Pumzi, na Besi akatoa ukelele wa kufa, mrefu, wa miaka yote aliyoambiwa apunguze sauti. Ulipokwisha alibaki ameinamia kipaza sauti, pumzi imemkatika, machozi yanamtoka. Kanuni ya stoo ni kwamba baada ya ukelele watu wote wanyamaze sekunde tano, hakuna hata kukohoa. Sekunde ya tatu bibi akainuka, akamwekea mkono mgongoni.

"Simama wima, mwanangu. Pumua."

Miaka ishirini na miwili alikuwa akimwita "wewe." Mwenye studio angeweza kuikata sauti ile, lakini hakuikata. Kipindi kilipoonyeshwa, watoto wa mtaani waliojazana sebuleni walitaka kujua ni mzee gani huyo anayemwita Mla Pumzi mwanawe. Bibi akanywa chai yake, kandambili zote mbili ziko miguuni, akawajibu kwamba yule naye ana mama.