Wifi Yustina na Neno Nililomtupia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hata leo mwili hunisisimka. Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu hapa Milanzi. Mama mkwe alikuwa amepika pombe ya ulezi, akaita majirani waje kumlimia. Kwetu Ufipa unajua: majani tunayafukia kwenye matuta ya mviringo yaoze, na kila mtu ana mstari wake. Anayebaki nyuma huchekwa mpaka jioni.

Aliyebaki nyuma alikuwa wifi yangu Yustina, aliyeolewa jirani, amekuja kumsaidia mama yake. Akilima tuta moja, anaegemea jembe. Mimi nami, ujana huo, nilitaka nionekane mchapakazi. Nikapaza sauti, "Jamani, wifi mvivu huyu! Pombe ataiweza, jembe hapana!"

Watu wakaangua kicheko. Yustina aliinama akalima kama mtu anayefukuzwa, hata mimi akanipita. Kisha akaanguka kifudifudi.

Loo! Kumgeuza, kitenge kimelowa damu. Kumbe alikuwa na mimba changa, hakuwa amemwambia mtu. Wanaume walimbeba kwa machela kwenda hospitali, mimi nyuma yao nasema moyoni: nimemuulia mama mkwe binti yake.

Nje ya wodi mama mkwe hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniuliza tu, "Mvivu ni nani?"

"Asiyefanya kazi, mama."

"Siyo. Ni anayeweza, akakataa. Ulimuuliza kama anaweza?"

Mimba ilitoka. Siku tatu hatukujua kama Yustina mwenyewe atapona, na kila mlango ulipofunguliwa nilidhani wamekuja kuniambia. Mungu akamrudisha.

Sasa magoti yangu yamekwisha. Msimu wa matuta ukifika nakaa kizingitini, na anayenilimia mstari wangu ni Yustina yule yule, jembe bado linamtii. Kila mwaka nauogopa mdomo wake, mwanangu. Naogopa siku atakayonirudishia lile neno, na haki anayo. Hajanirudishia. Huja akasimama, akaniuliza, "Wifi, umeamkaje leo? Magoti vipi?"

Wavivu wapo, siwatetei. Ila uliza kwanza, ndipo umwite mtu jina. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mungu akupe nguvu za kulima mstari wako, na siku nguvu hizo zitakapokwisha, akupe mtu wa kukuuliza kama Yustina.