Bakuli Juu ya Kichwa

Fundi keki huyu alipachikwa jina la Povu na wateja wake, na hakulikataa. Kila akimaliza kupiga ute wa mayai na sukari, hulinyanyua bakuli akaligeuza mdomo chini juu ya kichwa chake mwenyewe, akangoja. Ute usipodondoka, umeiva. Mchezo huo alifundishwa na mama yake enzi za kupanda kigoda ili aifikie meza, na bakuli lenyewe, la bati, limebanduka rangi ukingoni, lilikuwa la mama. Vyeti vya upishi hakuwa navyo. Alikuwa na mama, akaona inatosha.

Kisha kaka yake akaoa.

Wifi mtu alikuwa mpole, na hilo ndilo lililomkera Povu kuliko yote, maana mkorofi angalau unajua pa kumshikia. Kazi yake ilikuwa maabara, kuchunguza ute wa mayai ya ndege wasiofugwa na wengi: bata, kanga, kware, bata mzinga. Kutwa kucha anatenganisha protini, aone ipi ni nyingi na ipi ni haba. Mama, ambaye hakuwahi kuuliza biashara ya keki inakwendaje, sasa alijua kutamka ovalbumini. "Hiyo ndiyo kubwa lao," alimweleza binti yake siku moja. "Zaidi ya nusu ya protini zote za ute. Mkwe wangu kaniambia." Povu alitabasamu kwa meno tu. Ute alikuwa akiupiga yeye, na sifa akivuna mwingine.

Mama alipoteleza bafuni akaumia nyonga, ikawa hawezi tena kuishi peke yake. Povu alimchukua kwake siku ileile, hakungoja kikao. Alimpa chumba cha mbele, akamlisha, akamvisha, akamkataza hata kumenya kitunguu. "Pumzika, mama. Wewe umeshafanya yako." Lakini kaka naye alikuwa na nafasi kwake, na mama alisema nyonga ikipoa atachagua mwenyewe wa kuishi naye. Jumapili moja kaka na mkewe wakaja kusikia jibu. Povu alikuwa amejipanga: angeoka ile keki ya povu anayoipenda mama, na akishaonja kipande cha kwanza, nani tena atatamani kuhamia kwa watu wa maabara?

Wifi akaingia na trei ya mayai ya bata.

"Basi tumia hayo," mama alisema, ameketi kitini karibu na mlango wa jiko. "Mkwe wangu kayabeba kwa taabu."

Povu akaanza kupasua, mashavu yamemvimba.

"Wifi, samahani," mgeni alisema. "Ute wa bata ni mkaidi. Wa kanga na wa kware unainuka karibu kama wa kuku, ila bata ana uhaba wa protini za globulini, na hizo ndizo zinazosaidia povu. Tia matone ya limau, utakaa sawa."

"Mimi napiga ute tangu wewe hujajua yai linatoka wapi."

Moyoni alikuwa na lake: limau lile ni la kuichachua keki, mama akunje uso, achague nyumba nyingine. Mtu akiingiwa na wivu, hata dawa huiona sumu. Akapiga. Mkono ukamuuma, akazidi kupiga. Ute ulitoa mapovu makubwa kama ya sabuni ukaishia hapo. Akatia sukari, ukalegea zaidi. Fundi yeyote angejua haujaiva, na Povu alijua vizuri. Lakini wifi alikuwa amesimama palepale, limau mkononi, na mama akauliza, "Vipi, leo hugeuzi?"

Akageuza.

Ute wote ulimshukia: kitambaa cha kichwani, nyusi, hadi ndani ya blauzi. Kaka akatoka nje akikohoa kikohozi cha uongo. Mama alicheka mpaka akaishika nyonga. Wifi hakucheka, alileta taulo akamfuta uso, na Povu angeona afadhali achekwe.

"Mayai si yamebaki?" mama alisema alipopata pumzi. "Leteni hapa. Na hilo limau."

"Mama, utajiumiza mkono."

"Mkono ni wangu."

Akapasua, akatenga, kiini huku na ute kule, polepole, wifi akimshikia bakuli tu. Hakikupasuka kiini hata kimoja. Limau akalikamua mwenyewe. Povu akapiga, na safari hii ute ukasimama, mweupe, mzito. Mama akainamisha kichwa. "Geuza." Halikudondoka tone.

Povu akajiona ameshinda. "Sasa, mama, utakaa kwa nani?"

"Kwa kaka yako."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Unanitunza mno. Hapa nakaa kama mgeni, nangoja kulishwa. Kwa wifi yako, nikiwatembelea, napewa mayai nipasue, na nikivunja sahani anafagia. Sijafa bado, mwanangu." Kisha akaongeza, "Na bakuli langu nitakwenda nalo."

Povu hakulia mbele ya wifi yake, hiyo zawadi asingempa. Aliliosha bakuli, akalifunga kwa gazeti, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Wivu haukumtoka hata chembe. Anayesema ulimtoka hamjui.

Kesho yake mama akapiga simu. Bakuli limefika salama, ila ule waya wa kupigia mayai hawauoni.

"Ninao mimi," Povu alisema. "Mkitaka povu, niiteni."

"Basi njoo," mama akasema. "Mayai nimeshapasua."