Kuba la Kigari cha Mzee

Jamani, leo nimevunja kitu ambacho duniani hakiuzwi tena.

Mnajua nafanya kazi gereji kwa yule mzee Mjerumani, hapa Plano. Ana kigari cha magurudumu matatu, paa lake ni kuba la plastiki kama la ndege. Waliokiunda walikuwa watu wa ndege. Vita vikaisha, wakakatazwa kuunda ndege, wakageukia vigari. Kiwanda kilishafungwa zamani.

Sasa sikilizeni.

Kigari hiki hakina giya ya rivasi. Ukitaka kurudi nyuma unazima injini, unausukuma ufunguo ndani zaidi, injini inawaka kinyume.

Mimi niliusukuma ndani bila kujua. Nikatia giya ya kwanza niende mbele.

Nikarudi nyuma mpaka kwenye rafu. Vyuma vikaangukia kuba, likapasuka.

Mzee akaja. Hakunifokea. Angefoka ningepumua.

Aliokota kipande, akakifuta kwa shati lake, akasema, "Baba yangu alifanya kazi kwenye kile kiwanda. Kuba hili alilifunga yeye."

Kisha akaniambia niende nyumbani nikale.

Chakula kiko mbele yangu tangu saa kumi, kimeshapoa. Niambieni, kesho nitaingia pale na uso gani?