Mzee wangu alipotea, group ikaanza kusahihisha lugha yangu

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Hii sikuhadithiwa na mtu, ilinipata mimi mwenyewe, na sijaongeza chumvi.

Kila wiki humu jukwaani kuna vita ya sheng na Kiswahili sanifu. Nilikuwa napita tu nikicheka. Siku hizi sicheki.

Baba yangu alifanya kazi ya reli miaka mingi. Sasa amezeeka na kumbukumbu inamtoka. Tunaishi naye Bondeni. Asubuhi moja nikiwa kazini mke wangu akapiga simu: mzee hayuko, geti liko wazi.

Nikaweka picha yake kwenye group ya WhatsApp ya mtaa. Chini nikaandika mbio mbio:

"Wasee, buda yangu amepotea. Ako na jacket ya blue na marvin nyeusi kichwani. Husahau vitu, hata jina lake. Mkimcheki nishtueni."

Sasa, admin wetu ni mwalimu mstaafu. Mtu mzuri, lakini sheng kwake ni matusi. Na group imezoea hivi: akishakusahihisha, watu wanangoja uandike upya ndio wakujibu. (Ndiyo, watu wazima.)

Akajibu haraka: "Buda ndiyo nini? Mzazi haitwi hivyo. Andika kwa adabu, hapa si stage ya bodaboda."

Basi group ikawaka. Vijana wakasema muhimu ni kueleweka. Wazee wakasema sisi ndio tunaharibu watoto. Mmoja akaleta mambo ya watoto kufeli Kiswahili kwenye mtihani. Picha ya baba ikafunikwa na messages, na mimi niko kwa jua nauliza duka baada ya duka. Nilikasirika sana.

Nikaandika upya, kwa adabu zote. Nikapata thumbs up nyingi sana. Habari ya mzee, hakuna.

Aliyempata ni mama muuza njugu karibu na stesheni ya reli. Hayuko hata kwenye group. Vijana wa bodaboda walikuwa wanaonyeshana ile message ya kwanza, wakamwonyesha na yeye. Akanipigia.

"Ni wewe unatafuta mzee? Ako hapa kwangu, anasema anangoja shift. Nimempea chai. Kuja pole pole, haendi mahali."

Nililia barabarani, wakuu, na sioni aibu kusema.

Kesho yake mwalimu akaja kwetu na mkate na sukari, kama mtu anayetembelea mgonjwa. Alipomwona baba, akaweka mkate chini. Kisha akaniambia:

"Kijana, picha sikuifungua. Na huyu mzee nilimpita jana hapo stesheni. Alinisalimia. Sikuinua kichwa, nilikuwa nakuandikia wewe."

Nilimmiminia chai.

Sina ugomvi na Kiswahili sanifu, watoto wangu nataka wakijue vizuri. Nilichojifunza ni kwamba mtu akileta shida, shika shida kwanza. Lugha inaweza kungoja.

Lakini bado najiuliza, wakuu. Nyinyi mngemwambia nini yule mwalimu?