Chumba cha Chini cha Mzee Kyungu

Mfikirie Émérance akifika Saint-Josse, mtaa wa Brussels, asubuhi ya mvua, mwavuli umepinda, viatu vya ofisini vimelowa. Maman Rolande, mpangaji wao wa siku nyingi, amempigia simu: mumewe, papa Sylvestre, amefariki hospitalini. Njiani Émérance amelia, tena kweli, maana papa huyo ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli alipokuwa mdogo. Anasukuma mlango mkubwa wa nyumba ya babu yake. Kwenye korido anamkuta mjane amesimama mbele ya chumba cha chini, mlango wazi, ufunguo ungali kwenye kitasa.

Ndani mna kitanda cha mtoto mchanga.

Ili uelewe kwa nini Émérance alitamani ardhi immeze, inabidi tuanzie kwa babu yake. Mzee Kyungu alitoka Lubumbashi, akafanya kazi Brussels miaka na miaka, akanunua nyumba hiyo nyembamba ya ghorofa wakati wenye uwezo walikuwa wanaukimbia mtaa. Vyumba vya juu akawapangisha watu wa Katanga. Cha chini, kikubwa kuliko vyote, hakukipangisha. Kilikuwa cha kilio. Unajua mambo yetu: mtu akifa, watu huja kukaa na wafiwa siku nyingi, wanaimba, wanapika, wengine wanalala hapo hapo. Sasa wataenea wapi katika vyumba viwili vya kupanga, na jirani anagonga ukuta? Kwa hiyo kila mpangaji alipewa ufunguo wa kwake na ufunguo wa chumba cha chini. Wapangaji wenyewe ndio walionunua viti, ndio waliopaka rangi. Mzee mwenyewe alipofariki, alililiwa humo.

Mwanawe, papa Ghislain, akaongeza nyumba mbili mtaa wa Molenbeek, akafungua agence, ofisi ya udalali wa nyumba, barabara ya Chaussée d'Ixelles, yenye kioo kipana cha kubandika picha za nyumba. Chumba cha chini hakukigusa. "Ile si ya kwetu," alikuwa akisema, "sisi tunaichunga tu." Kisha magoti yakamchosha, akamwachia binti yake, Émérance, biashara.

Usimharakishie hukumu binti huyo. Aliona chumba kinakaa bure, mwaka baada ya mwaka, na vijana wanaingia ofisini nusura walie kwa kukosa nyumba. Siku moja akaja Anaïs, mimba kubwa, analala kwenye kochi la rafiki. Émérance akampa chumba cha chini. Viti akavipeleka kanisani. Katika wapangaji wa zamani walikuwa wamebaki maman Rolande na mumewe tu, nao hawakuwapo: papa hospitalini, maman kwa binti yake karibu na hospitali. Émérance alijiambia atawaeleza Jumapili. Jumapili zikapita. Hata kitasa hakukibadilisha.

"Pole sana, maman," akasema sasa.

"Alors, Émérance. Minafungula nipange viti, minakuta lit ya bébé. Nikasema, Rolande, umekosea nyumba?" Mjane alijaribu kucheka. "Viti biko wapi?"

"Maman, ni mimi. Nilipangisha."

"Ah bon." Akauvuta mlango taratibu, kana kwamba mtoto amelala ndani.

Anaïs akatokea barabarani, mtoto kifuani, mkate mkononi. Alipoelezwa, hakungoja kuombwa. "Mimi naweza kwenda kwa rafiki yangu. Chukueni chumba, hata wiki mbili. Vraiment."

Hapo mambo yangeweza kupona. Lakini Émérance aliwaona kichwani watu wote wa Katanga wakiingia, wakikuta mapazia ya mtoto, wakianza kuuliza. "Hapana," akasema haraka, "assurance haitakubali. Tutafanya ofisini kwangu." Bima haikuhusika hata kidogo.

Basi papa Sylvestre akaliliwa Chaussée d'Ixelles. Meza zilisukumwa ukutani, wamama wakaketi kwenye magodoro wakiimba. Nje wapita njia walisimama kutazama picha za nyumba zinazouzwa, wakainua macho, wakakutana na macho ya mjane. Bwana mmoja akagonga kioo, anataka kuulizia garage. Émérance akatoka kumwambia leo wamefunga.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. "Mutoto ya Ghislain ametupatia hata bureau yake," mama mmoja aliwaambia wageni. "Iko na roho ya nkambo wake, mzee Kyungu." Maman Rolande, ambaye alijua, aliinamisha kichwa.

Papa Ghislain akaja, akakaa kwa shida. Binti yake akamletea chai.

"Baba yangu tulimulilia wapi?" papa akamuuliza.

"Mule chini, papa."

"Na mie mutanililia wapi? Hapa, katikati ya matangazo? Si bataniuzisha pamoja na appartement!"

Wamama wakacheka, naye akacheka nao. Chai hakuigusa.

Kilio kilipokwisha, Émérance alimfuata mjane jikoni kwake. "Maman, nitakirudisha. Mkataba wa Anaïs unaisha mwezi wa tisa. Nitamwambia atoke."

"Weye! Umufukuze mutoto juu ya Sylvestre? Usiniletee hiyo zambi."

"Sasa nifanye nini?"

"Mie sijue. Mie ni mujane, si agence."

Mwezi wa tisa sasa unabisha hodi. Nyumba za Molenbeek zimejaa, hakuna chumba cha kumhamishia mtu. Papa Ghislain siku hizi hashuki ngazi. Na juzi Anaïs amepiga simu, sauti yake ina furaha: mtoto ameanza kutambaa, sakafu ya mle ndani ni nzuri, je, anaweza kubaki? Émérance alisema atampigia. Bado hajapiga. Wewe uliyekaa ukanisikiliza mpaka hapa, ungekuwa ni yeye, ungemjibu nini?