Kimeo Ambacho Hakikukatwa

Siku za kazi nilikuwa fundi cherehani, Nyakabanda. Jumamosi nilikuwa mtu mwingine: kwenye sherehe za mahari nilisimama na fimbo mbele ya ng'ombe wa mahari, nikawasifu kwa mashairi, kama desturi yetu, mpaka wakwe wakainuka vitini.

Kisha sikio la kushoto likaziba, kama nimezama majini. Sauti yangu ilinguruma ndani ya kichwa, lakini watu waliisikia ikitokea puani. Kidevu kikafa ganzi. Taya likachoka hata kwa muhogo laini. Asubuhi moja maziwa yalirudi puani, yakachuruzika kwenye suti ya mteja.

Shangazi Mariamu, aliyenilea Bujumbura, alinishika kidevu.

"Fungua mdomo. Hee! Kimeo hicho, kimerefuka. Kesho twende kwa yule mzee mkata vimeo akikate."

Nilikubali. Kwetu hata mtoto akikohoa sana, kile kinyama kinachoning'inia kooni ndicho hushtakiwa. Tena mahari ya mdogo wangu Zawadi ilikaribia, na nilikuwa nimemwahidi kuwasifu ng'ombe wake.

Zawadi alisimama mlangoni. "Kaka, kimeo kinazibaje sikio? Wakikuharibu, ng'ombe wangu watasifiwa na nani, cherehani?"

Tukaenda hospitali. Baada ya picha za kichwa, daktari alisema, "Kimeo chako ni kizima. Neva ya tano ya kichwa ina tawi la taya. Hapo hutoka kauzi kadogo kwenda kwenye msuli unaokaza kaakaa laini, huku nyuma. Msuli huohuo hufungua mrija wa sikio ukimeza. Kuna uvimbe umekalia njia hiyo. Si saratani, lakini tuutoe."

Nilitoka chumba cha upasuaji nimevimba shavu, mate yakilowesha mto. Shangazi alininywesha uji kwa kijiko.

"Meza, mbishi wewe," alisema, machozi yakimtoka. "Na mimi nilitaka wakukate!"

Siku ya mahari ya Zawadi ilifika sauti ikiwa bado nyembamba na sikio bado limeziba. Niliwasifu ng'ombe polepole. Watu wakainama kunisikiliza. Nikapewa maziwa, kama ilivyo desturi. Niliogopa pua yangu. Nikameza.

*Tik.* Sikio likafunguka, na kicheko cha Zawadi kikaingia pande zote mbili.

Namshukuru Mungu, daktari, na dada mbishi kuliko mimi. Nawe uliyezibwa sikio, usikate tamaa, na usimpe mtu koo lako alikate kabla hujapimwa. Siku hizi jirani akitaja kimeo, Shangazi humkatiza: "Kwanza hospitali! Muulize fundi wangu."